Uhandisi Mtupu au Uhandisi na Sanaa?
Anayesomea shahada ya uhandisi nchini Kenya huchukua miaka 5, karibu yote ikiwa ya hesabu, michoro na karakana, na njia yake ya kusajiliwa kuwa mhandisi imenyooka. Mpango wa 3-2 wa baadhi ya vyuo vya Marekani nao ni wa miaka 5, ila mitatu ya mwanzo huchanganya sayansi na historia, falsafa na fasihi, ndipo miwili ya uhandisi ifuate, na mwanafunzi hutoka na shahada mbili. Ada yake, bila shaka, si ya mchezo. Hata hivyo, kwa kazi ya kupitisha mabomba ya majitaka katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, ambako nyumba zimebanana na zinahifadhiwa kama urithi, ningemwajiri huyu wa pili, kwani mteremko wa bomba hukokotolewa ofisini, lakini idhini ya kuchimba kando ya ukuta wa mtu hutafutwa barazani.