Niliomba bronzi nikauziwa brasi, na maneno juu

Nyota moja, na hio moja ni ya gundi, nitaeleza. Nina boti ya zamani ya faiba hapa Mtwapa, ya miaka ya 80, injini ya ndani. Zile koki zake za chini ya maji, za kufungua na kufunga matundu ya boti, zilikua zishakula chumvi nyingi, kijani kila mahali, mikono haigeuki, nikasema nibadilishe zote mapema. Nikaenda duka moja la spea za boti Mombasa, jina silitaji, nikamwambia bwana wa kaunta waziwazi nataka bronzi, ile shaba na bati, brasi ya shaba na zinki sitaki. Akanipa, akaapa, risiti imeandikwa bronzi na ninayo.

Hazikumaliza hata misimu miwili ya kusi. Naona ngama, yale maji ya chini ndani ya boti, yajaa kuliko kawaida, kila asubuhi kijana anafua maji, tukangoja bamvua, maji makubwa, tukaipweleza boti mchangani. Fundi, mzee wa watu, kashika tu mkono wa koki ya maji ya kupoza injini ageuze, koki nzima ikakatika shingoni kama biskuti. Ndani pale ilipokatika si manjano, ni pinki, vitundu vitupu. Akaniambia hii brasi mwanangu, zinki yote imeliwa na maji ya bahari, imebaki shaba haina nguvu. Sasa ingekatika tuko nje ya mwamba na wageni, tundu la inchi moja na nusu, nusu mita chini ya maji, laingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, utafua na nini?

Hasira yenyewe lakini iko huku. Nikaifunga kwa kitambaa pamoja na risiti nikarudi dukani. Yule bwana macho kwenye simu, akaitupia jicho akasema, "Mzee, umeitia maji ya chumvi, wataka isiliwe?" Duka la spea za boti! Nje ukutani wamechora boti! Nikamuuliza kwani boti zaenda wapi, Nyeri? Akacheka, akamwita mwenzake aje asikie, eti bronzi na brasi yote shaba, tofauti ni bei. Ahaa, kumbe tofauti waijua, na bei ulinitoza ya bronzi.

Nisiwe muongo, mwenye duka alinipigia baadaye, kwa heshima, akasema huenda hata wao waliuziwa hivo na anaewaletea, na kweli zikiwa mpya rangi zakaribiana. Nikapoa. Nikasema basi nitawapa nyota tatu yaishe. Halafu akamalizia, nije nichukue nyingine nusu bei. Ya sanduku lile lile! Nusu bei ili nizame nusu? Nikarudi moja.

Saa hii nina za bronzi zilizotolewa kwenye boti nyingine kuukuu, nzito, fundi kazigonga moja moja kabla hajazikubali, kaweka ubao mgumu kwa ndani, na kando ya kila koki kizibo cha mbao kimefungwa kamba, likitokea la kutokea unapigilia.

Ila ile gundi yao ya kuzibia, wallahi ni kali, nyengine hazishiki faiba hivo. Ikiisha namtuma kijana akanunue, mimi na yule bwana tusionane.