Gari la spoti la mkono wa pili Malindi: lipi naliweka nafasi ya kwanza, na lipi ningeliwacha

Anayenunua gari la spoti hapa Malindi kwa kawaida huanza na injini. Huomba iwashwe, husikiliza mngurumo, huuliza habari za turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi. Mimi ningeanza chini ya gari. Injini iliyokufa hubadilishwa: Mombasa na Nairobi zinauzwa injini zilizotolewa Japani, unafungiwa nyingine na safari inaendelea. Bodi iliyoliwa na chumvi haina spea.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lipandishe gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara, kisha lala chini na tochi. Angalia mabomba membamba ya breki yanayopita chini ya sakafu, vikalio vya springi, ncha za chasisi mbele na nyuma, na pale bolti za saspensheni zinapoingia kwenye bodi. Kutu ya juu juu isikutishe, ikwaruze kwa bisibisi. Ikiwa ncha inazama au chuma kinabanduka tabaka kwa tabaka, mshukuru muuzaji uende zako. Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi ya lami, mbichi, inang'aa, na gari lina miaka kumi na zaidi, jihadhari. Mara nyingi kinachotafutwa kiko nyuma ya hiyo rangi. Na usidhani kutu yote ni ya kwetu. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani yamepita barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, kwa hivyo mengine hushuka bandarini na ugonjwa tayari.

Kuna aina moja ya gari ambayo mji huu unayo kuliko miji mingi: gari lililolala. Mwenyewe ana nyumba karibu na bahari, huja kwa msimu kisha hurudi Ulaya, na gari hubaki kwenye banda miezi mingi. Kilomita ni chache, viti kama vipya, na hapo ndipo mnunuzi hulegea. Kilomita chache za gari lililolala mita mia mbili kutoka ufukweni hazina thamani unayoifikiria. Diski za breki huwa zimechimbika, kalipa, yaani vibanio vya breki, zimeshika, petroli imechacha tangini, mipira ya milango imekauka, na panya wametafuna waya. Soma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi ikiwa na miaka minane, hata kashata, yaani meno yake, zikiwa zimejaa, hesabu bei ya tairi nne mpya na uitoe kwenye bei ya gari.

Sasa magari yenyewe, kwa mpango ninaouamini mimi.

Nafasi ya kwanza naipa Toyota 86 pamoja na pacha wake Subaru BRZ. Yote mawili hutoka kiwanda kimoja cha Subaru, mkoa wa Gunma, na toleo la kwanza lilianza mwaka 2012. Injini ni FA20 ya lita 2, haina turbo, na taimingi yake inatumia cheni badala ya mkanda. Kukosa turbo kwenye joto letu ni neema. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kwa kuwa toleo hilo liliendelea kutengenezwa karibu miaka kumi, unaweza kupata lililoingia nchini juzijuzi likiwa na karatasi yake ya mnada wa Japani, inayoeleza hali yake. Iombe. Daraja la R au RA kwenye karatasi hiyo lina maana gari lilipata ajali likatengenezwa. Kwa yale ya mwanzo, 2012 na 2013, uliza kama springi za valvu zilibadilishwa, maana kiwanda kiliyaita yarudi kwa sababu hiyo. Sauti ya nyenje kutoka pampu ya petroli isikutie hofu, ndivyo ilivyo. Cha kutia hofu ni gari lililochezewa kwa kutelezeshwa makusudi kwenye kona: tairi za nyuma zimekwisha za mbele nzima, difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, inalia ukikata kona, bushi, mipira ya saspensheni, zimechanika.

La pili ni Mazda Roadster, na hapa nina sharti moja. Gari hili lina mashimo ya kutolea maji nyuma ya viti, pembeni, ambako maji ya mvua kutoka kwenye hema, yaani paa lake la kukunjwa, hushukia. Majani ya mvinje, ambayo Malindi yako kila ua, huyaziba. Maji yakikosa njia huingia ndani ya vizingiti vya milango, na vizingiti huoza kutoka ndani huku nje rangi ikibaki safi. Chukua chupa ya maji, mimina taratibu kwenye kona hizo, halafu chungulia chini mbele ya tairi ya nyuma. Yasipotoka, au yakitoka na unga wa kutu, usinunue. Yakitoka safi, na zulia ni kavu ukiliinua, umepata gari ambalo injini yake haina makuu na fundi yeyote makini ataielewa.

Subaru Impreza WRX naliweka la tatu, ingawa najua wengi wangeliweka la kwanza. Mapenzi ya Wakenya kwa gari hili yana mizizi: Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na waliokuwa watoto wakati huo sasa ndio wanunuzi. Shida si gari, ni waliolimiliki. WRX nyingi za injini ya EJ20 zimepita mikononi mwa vijana wawili watatu wenye haraka. Chomoa kijiti cha oili kabla ya lolote, kwa maana EJ20 iliyoendeshwa na oili pungufu huua beringi za krenki, na beringi hizo zikishaanza kugonga hakuna dawa ila kufungua injini. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama risiti haipo, hesabu kwamba haujabadilishwa. Tairi zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawa, kwani tofauti huchosha difu ya kati. Kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole kwenye uwanja wa lami: gari likijivuta na kushtukashtuka kama linazuiwa, difu hiyo imekwisha.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: WRX iliyobadilishiwa programu ya injini Nairobi ilipimwa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, kwenye hewa nyepesi. Huku usawa wa bahari hewa ni nzito, turbo inasukuma zaidi, na joto ni kali zaidi. Programu isiyopimwa kwa mzigo huo inaweza kufanya mafuta yawake kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Muuzaji akijivunia programu, muulize ilipimiwa wapi.

Volkswagen Golf GTI, la nne. Ni tamu kuendesha, lakini inataka fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake, na kwa wengi wetu huyo yuko Mombasa, kilomita kama 120. Giaboksi ya DSG, ile inayojibadilishia gia yenyewe, ya gia sita inahitaji oili mpya kila kilomita 60,000. Gari likitetemeka linapoanza kuondoka, achana nalo.

Nissan Fairlady Z ni la tano kwa sababu ya oili ambayo injini huila na, kwenye baadhi ya matoleo, klachi ambayo silinda yake iko ndani ya nyumba ya giaboksi, kwa hivyo kuibadilisha ni kushusha giaboksi nzima.

La mwisho, Mazda RX-8. Uzalishaji wake ulikoma 2012, hivyo kila moja iliyoko hapa imeshazeeka. Injini yake ya mzunguko ya lita 1.3 inachoma oili kwa jinsi ilivyoundwa, na mihuri ya ncha za rota ikichoka, kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya injini, inapotea. Kipimo cha kawaida cha kompresheni hakitoshi, chatakiwa kile maalumu cha rota. Pasipo hicho, liendeshe mpaka lishike moto, zima, subiri dakika kumi, washa tena. Likihangaika kuwaka, injini inadai kufunguliwa. Ni gari zuri mno, na nasikitika kuliweka mwisho.

Lolote utakaloliendea, nenda alfajiri na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika injini kwa mkono, iwe baridi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usiokoma ni maji ya radieta. Kisha endesha hadi Gede na kurudi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na ukirejea mjini simama kwenye msongamano wa tuktuk uone kama mshale wa joto unapanda. Njiani, ukiwa gia ya nne na mwendo wa chini, kanyaga mafuta yote: injini ikipanda kelele na gari halikazi mwendo, klachi imekwisha. Vuta mikanda ya viti hadi mwisho wake. Alama ya tope huko ndani ni gari lililozama, na baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023 huku Pwani na ya Aprili na Mei 2024 Nairobi, hiyo si hatari ya kudhania.

Karatasi nazo. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye logbuku, hati ya umiliki, hasa kwa Subaru, maana injini nyingi zimeshabadilishwa na kumbukumbu hazikubadilishwa. Toa rekodi ya gari ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wewe mwenyewe, usipokee picha aliyokutumia muuzaji. Jina la benki likionekana kwenye umiliki, mkopo huo ulipwe na jina liondolewe kabla hujatoa hata amana. Malipo ya mwisho yafanyike mkiwa mmekaa pamoja, muuzaji ameshafungua akaunti yake ya eCitizen na kuanzisha uhamisho wa umiliki, nawe umeuona kwenye akaunti yako.