Toyota IST kutoka Japani hadi Dar es Salaam: nimeridhika na muuzaji, sikuridhika na wakala

Anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani hulipia huduma mbili, nazo hutolewa na watu wasiojuana: kampuni inayouza gari na kulipakia melini, na wakala wa forodha anayelitoa bandarini. Mimi niliagiza Toyota IST ya mwaka 2005, yenye injini isiyofika cc 1,500, kwa matumizi ya familia. Huduma ya kwanza ilinipa karibu kila kilichoahidiwa, lakini ya pili ilinitoza fedha ambazo hazikuwamo katika bajeti yangu.

Sifa kubwa ya muuzaji ni kwamba alinitumia karatasi ya mnada kabla sijalipa chochote. Wauzaji wengi hukuonyesha picha za gari lililooshwa likang'aa, wakaishia hapo, ilhali ukweli wa gari umo katika karatasi hiyo ambayo hujazwa na mkaguzi wa mnada kule Japani. Juu yake kuna alama ya jumla: 4 na kuendelea ni gari lililotunzwa, 3.5 ni la wastani, na herufi R inaonya kwamba gari lilishapata ajali na kutengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari wenye herufi za kuonyesha kasoro na mahali zilipo, A ikiwa ni mkwaruzo, U kubonyea, W sehemu iliyokwisha kunyooshwa na kupakwa rangi, na S kutu. La kwangu lilipewa 3.5, likiwa na A2 kwenye mlango wa kushoto na U1 kwenye bampa ya nyuma, namba ikionyesha ukubwa wa kasoro. Siku nilipolipokea nililizunguka nikiwa na karatasi mkononi, na sikukuta kasoro yoyote ya bodi ambayo haikuwa imeandikwa. Kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi nazo zilikwenda sambamba na zilizoandikwa katika cheti cha kufuta usajili wa Japani, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa gari lilipokaguliwa huko. Anayekataa kukupa karatasi hizi mbili ana sababu, na mimi nisingesubiri kuijua.

Malipo yalifanyika benki kwa benki, kwa akaunti iliyosajiliwa kwa jina lilelile la kampuni lililokuwa kwenye ankara. Nililipa bei ya CIF, yaani gari pamoja na bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam. Bei ya FOB inayotangazwa kwa maandishi makubwa huishia bandari ya Japani, na ndiyo inayowadanganya wengi wakadhani wamepata cha bure.

Kodi si kosa la muuzaji wala la wakala, lakini ndiyo sehemu kubwa ya gharama na haifai kuachwa mpaka meli itie nanga. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya CIF. Juu ya jumla ya thamani hiyo na ushuru huo unawekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000, na kwa kuwa gari langu limepita miaka 10, ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Kisha VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya vyote hivyo kwa pamoja. Ukianza na thamani ya 100, unafika 199 kabla ya tozo ndogo ndogo na gharama za usajili. Tena thamani inayotumika si lazima iwe ile iliyomo kwenye ankara yako, kwa sababu Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo chake cha magari yaliyotumika, na mtu yeyote anaweza kukifungua mtandaoni akaona kodi ya gari analolitaka. Nilifanya hivyo kabla ya kuagiza, na hapo ndipo nilipoachana na ndoto ya Toyota Harrier.

Kuhusu wakala, ambaye jina lake nalihifadhi, nilimkabidhi hati za asili wiki moja kabla ya meli kufika, nazo ni hati ya shehena, ankara na cheti cha Japani. Aliniambia nisiwe na wasiwasi. Siku ya nne baada ya gari kushushwa nilimpigia kuuliza namba ya kulipia kodi, ndipo nikagundua kwamba hati zangu zilikuwa bado mezani kwake na maombi hayajawasilishwa. Kazi ilipoanza ilikwenda haraka, lakini muda wa bure ulikuwa umekwisha na gharama za kuhifadhi gari zilikuwa zinahesabiwa kwa siku. Ankara yake ya mwisho iliziweka gharama hizo chini ya maneno "gharama za bandari", kana kwamba zilishuka kutoka mbinguni. Baada ya mabishano alikubali kupunguza sehemu ya ujira wake, si zaidi. Makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo, na hilo ni kosa langu. Kwa gari lijalo nitataka bei yake kwa maandishi, kila tozo ikitajwa peke yake, pamoja na sharti kwamba gharama ya kuchelewa itokanayo na yeye ataibeba yeye.

Gari lenyewe linakwenda vizuri. Fundi wangu alibadilisha oili, vichujio na betri tu. Redio inashika masafa ya Japani, 76 hadi 90, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar es Salaam haizifikii mpaka nifungiwe kifaa cha kuongeza masafa, na kila ninapowasha injini sauti ya mwanamke hunisalimu kwa Kijapani. Watoto wameshaanza kumwitikia.