Uzoefu wangu: kuzamia kwa mtungi wa hewa upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe

Nimeshazamia pande zote mbili za mwamba: nje, kwenye mkondo na mawimbi, na ndani, ambako mwamba wenyewe huyavunja mawimbi kabla hayajakufikia. Safari hii nilichukua huduma ya upande wa ndani, kina kisichozidi mita 12. Wazamiaji wengi huko wanapaona ni pa wanaoanza tu. Sikubaliani nao hata kidogo.

Kwanza ni hewa. Kila mita 10 unazoshuka huongeza shinikizo sawa na la angahewa yote iliyo juu yetu. Ukiwa mita 20, kila pumzi inakula hewa mara 3 ya ile unayovuta juu ya maji. Ukiwa mita 5, ni mara moja na nusu. Mtungi ambao kule nje ungekwisha upesi, hapa uliniwezesha kutulia mbele ya jiwe moja la matumbawe mpaka samaki wakanizoea. Mwanga nao haujapungua sana. Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kumezwa na maji, lakini kwenye kina hiki zambarau na manjano bado zinawaka bila tochi.

Nilimsikia samaki aitwaye pono akitafuna mwamba kabla sijamwona. Sauti husafiri majini zaidi ya mara 4 ya kasi yake hewani, kwa hiyo masikio hayawezi kukuambia inatoka upande gani. Nilizunguka mpaka nikamkuta karibu kabisa, akitoa nyuma yake wingu la mchanga mweupe, ambao ndio mwamba uleule uliokwisha kusagwa. Mbele kidogo chewa alikuwa ameachama, na visamaki vyenye mstari mweusi vikiingia na kutoka kinywani mwake, vikimla vimelea. Hakuvigusa. Hapo ningemaliza mtungi wote.

Sasa huduma yenyewe. Kiongozi alitushusha kwanza kwenye mchanga mtupu, akatutaka tuelee bila kugusa chini: ukivuta pumzi unapanda kidogo, ukiitoa unashuka. Hakutupeleka kwenye matumbawe mpaka kila mmoja alipotulia. Kwangu hicho ndicho kipimo kikubwa cha huduma ya kuzamia. Watu hudhani kina kifupi ni rahisi, kumbe karibu na uso wa maji ndiko shinikizo linakobadilika kwa uwiano mkubwa kuliko chini. Ukipanda mita 2 au 3 tu, hewa iliyo kwenye fulana ya kuelea inatanuka na kukuvuta juu, na iliyo mapafuni inatanuka vilevile. Ndiyo sababu alirudia mara kwa mara: usibane pumzi, hata kama unaona uso wa maji uko karibu. Na pezi likipiga vibaya, linavunja kitu kilichojengwa taratibu mno; matumbawe ya mviringo mara nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka. Nilifurahi pia kuona boti ikifungwa kwenye boya la kudumu badala ya kutupa nanga.

Yasiyonipendeza yapo. Kundi lilikuwa kubwa mno kwa kiongozi mmoja, na waliokuwa nyuma hawakumwona kila alipoonyesha kitu. Miwani ya kuzamia ilikuwa na mipira iliyochoka, ikawa inaingiza maji kila nikitabasamu. Kubwa zaidi, tuliondoka kwa kufuata saa ya ukutani badala ya saa ya bahari. Maji yalikuwa yanatoka, yakikokota tope la sehemu za kina kifupi, na kufikia nusu ya mbizi ukungu ulikuwa umetanda. Upande wa ndani unastahili kuzamiwa maji yanapojaa na kusimama, wakati yale safi ya bahari kuu yameshaingia. Kabla ya kulipa, waulize wanaondoka maji yakiwa wapi, na kila kiongozi anachukua watu wangapi.

Kwa kiongozi yule nitarudi, ila kwa kundi dogo. Jambo jingine alilolisimamia vizuri ni la kusafiri kwa ndege: baada ya mbizi moja ya kawaida subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na saa 18 ukizamia zaidi ya mara moja. Aliyesema mita 12 si kitu akaambiwa sharti ni lilelile.