Vibanda vya kupuliza hewa, EntryScan na Sentinel: vinafaa wapi na visinunuliwe kwa ajili ya wapi

Mlango wa kukagua chuma, ule ambao kila abiria wa Dar es Salaam au Nairobi ameshaupita, hauna habari na unga wa kokeini. Kilipuzi cha PETN kilichoshonewa kwenye nguo nacho hupita kimya, kwa kuwa hakina chuma hata chembe. Pengo hilo ndilo lililoleta vibanda vya kupuliza hewa: mtu anasimama ndani, anapulizwa, na mashine inanusa chembe zilizomtoka ili kujua kama amegusa vilipuzi au dawa za kulevya. Vilivyopata soko kubwa ni viwili, EntryScan ya kampuni ya GE na Sentinel ya kampuni ya Smiths Detection. Havipo tena kwenye viwanja vya ndege vya Marekani vilikopatia umaarufu, lakini vilivyotumika hujitokeza kwenye soko la mitumba la vifaa vya ulinzi, na anayelinda gereza, bandari au ghala anaweza kushawishika na bei. Msimamo wetu tunautoa mapema: sayansi ya mashine hizi ni ya kweli na ni nzuri, ila zinahitaji hewa safi, kavu na tulivu, na mlango wenye msongamano wa watu ni nadra sana kuwa na hewa ya namna hiyo.

Kwa anayekaguliwa kazi ni nyepesi. Unaingia, unasimama kwenye alama za nyayo, sauti au taa inakutaka utulie. Vipulizo vilivyopangwa kwa ngazi tangu miguuni hadi mabegani vinatoa mipigo mifupi ya hewa, nguo zinatikisika, kisha unasubiri sekunde kadhaa taa igeuke kijani. Hakuna anayekugusa wala picha ya mwili inayopigwa, na kwa jamii zetu hilo ni jambo kubwa. Mwanamke aliyevaa buibui na mtandio hahitaji kuvua kitu. Watengenezaji walitaja uwezo wa watu 7 kwa dakika. Hesabu hiyo inawezekana kama kila mtu anajua pa kusimama na hakuna kengele inayolia. Ongeza mzee mwenye mkongojo, mtoto anayelia na mtu asiyeelewa lugha ya sauti ile, na foleni inaanza kurefuka.

Ndani ya kibanda ndiko kwenye utamu. Mwili wa binadamu una joto kuliko hewa inayouzunguka, hivyo hewa iliyo karibu na ngozi hupanda juu bila kukoma, ikibeba mba, nyuzi za nguo na chochote kilichonata juu yake. Gary Settles wa Chuo Kikuu cha Penn State aliuchunguza mkondo huo wa joto kwa miaka mingi, na EntryScan imejengwa juu ya wazo hilo: hewa inavutwa kuelekea darini, upande uleule inakotaka kwenda yenyewe, na vipulizo kazi yake ni kuzing'oa chembe tu. Sentinel ilikwenda kinyume. Iliegemea kazi ya Sandia, maabara ya taifa ya Marekani, ambako hewa husukumwa kutoka juu na kukusanywa chini, karibu na miguu. Mbinu ya GE inatumia nguvu ya bure ya mwili; ile ya Sandia inachukua vizuri chembe nzito zinazoanguka, ila inalazimika kupigana na mkondo unaopanda. Kwa macho yetu, wazo la EntryScan ni safi zaidi kihandisi, ingawa kwenye uimara wa kila siku tofauti hiyo haikuisaidia sana.

Hewa iliyokusanywa ni nyingi mno kwa kipimo chenyewe, kwa hiyo lazima ipunguzwe kwanza. Inapitishwa kwenye wavu mwembamba wa chuma unaonasa chembe na mvuke. Kisha wavu unapashwa moto ghafla, vilivyonaswa vinageuka mvuke, na mvuke huo pekee ndio unaosukumwa kwenye kipimo kwa mkondo mdogo wa hewa. Kipimo ni spektrometa ya mwendo wa ayoni. Chanzo cha mionzi, Nikeli-63, kinazipa molekuli chaji, nazo zinakuwa ayoni. Uwanja wa umeme unazivuta kwenye bomba lenye hewa kavu. Nyepesi na nyembamba zinafika mapema, nene zinachelewa, na tofauti hizo hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Vilipuzi vingi huchukua chaji hasi na dawa za kulevya nyingi huchukua chaji chanya. Mnunuzi asilipite hilo haraka: aulize kama mashine anayopewa imewekwa kusoma pande zote mbili au upande mmoja tu, maana nyingi zilizotoka viwanja vya ndege ziliwekwa kwa ajili ya vilipuzi.

Je, inanusa kweli? Kiasi kinachohitajika ni nanogramu, yaani sehemu za bilioni za gramu, na mtu aliyefungasha unga kwa mikono yake huacha zaidi ya hapo kwenye kifungo cha shati. Ila tuseme wazi kwamba neno kunusa linapotosha kidogo. Kilipuzi cha TNT katika joto la kawaida hutoa mvuke wa sehemu chache kwa bilioni za hewa, na kingine, RDX, hutoa sehemu chache kwa trilioni. Hakuna kibanda kinachokamata RDX kwa mvuke wake, kinakamata punje. Basi punje isipong'oka kwenye nguo, mashine haina cha kusoma. Koti zito lililolowa mvua haliachii chembe kama shati kavu la pamba. Na mtu aliyefungiwa mzigo na mwenzake, akaoga, akavaa nguo ambazo hazijakaa kwenye chumba kile, anaweza kupita huku mzigo uko kiunoni. Aliyemeza vidonge vya heroini vilivyofungwa vizuri, mashine hii si dawa yake kabisa. Huyo ni wa eksirei.

Upande wa pili wa shilingi ni kengele isiyo na mzigo. Mkulima aliyetoka kumwaga mbolea ya ammoniamu nitreti, mgonjwa wa moyo anayetumia nitrogliserini, askari aliyetoka kwenye mazoezi ya shabaha, mchimbaji anayeshika baruti kihalali: hawa wote hubeba chembe halisi, na mashine haikosei inapowataja. Kwa dawa za kulevya kuna tatizo la ziada, kwamba katika kipimo cha aina hii heroini na THC, kiini cha bangi kinacholevya, hufika kwa muda unaokaribiana mno. Kituo kinachotaka kutenganisha viwili hivyo kisitegemee kibanda peke yake. Kengele ni sababu ya kumpangusa mtu mikono na mizigo na kuuliza maswali. Ushahidi wa kumfikisha mahakamani unatoka maabara ya mkemia.

Sasa historia, kwa sababu ndiyo iliyobeba somo la mnunuzi. Baada ya jaribio la bomu la kiatu ndani ya ndege Desemba 2001, mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ilianza majaribio mwaka 2004, uwanja wa Providence katika jimbo la Rhode Island ukiwa miongoni mwa vya mwanzo, na mwaka huohuo ripoti ya tume iliyochunguza mashambulizi ya 9/11 ikasisitiza ukaguzi wa vilipuzi kwa abiria. Ilinunua mashine 207 kwa takriban dola milioni 30, yaani wastani wa karibu dola 145,000 kwa moja. Mwaka 2006 zilisimikwa 101 katika viwanja 36, na Juni mwaka huohuo usimikaji ukasimamishwa. Nyingine hazikutoka ghalani. Wakaguzi wa hesabu wa bunge la Marekani, GAO, waliandika mwaka 2009 kwamba mashine zilinunuliwa bila kuthibitishwa kwenye mazingira halisi ya uwanja wa ndege. Sharti lilikuwa mashine ifanye kazi wastani wa saa 1,460 kabla ya hitilafu kubwa. Aina zote mbili zilishindwa kulifikia.

Kilichoziua kilikuwa vumbi na unyevu, na kila fundi wa spektrometa angeweza kulitabiri hilo. Mashine inayovuta hewa nyingi kila dakika inavuta pia vumbi la mazulia, nyuzi za nguo za maelfu ya watu na moshi wa injini. Wavu wa kunasa chembe unaziba, na ukiziba mkondo wa hewa unapungua bila mtu kuona. Mashine inaendelea kuwasha taa ya kijani huku inanusa nusu ya ilivyopaswa. Huo ndio ubaya unaotutisha zaidi, kuliko mashine kuzima kabisa. Unyevu nao unaingia kwenye bomba la ayoni. Molekuli za maji zinajishika kwenye ayoni, muda wa kufika unahama, na kitu kilichotakiwa kusomeka kwenye muda wake kinasomeka pembeni au kisisomeke. Ndiyo maana kuna vikaushio ndani, chembe za kunyonya maji zinazobadilishwa kwa ratiba. Hewa ikiwa na maji mengi, ratiba hiyo inabana, na gharama inapanda.

Mahali ambapo mashine hizi zimejitetea ni kwenye mitambo ya nyuklia ya Marekani. Wanaoingia ni wafanyakazi walewale kila siku, wanajua pa kusimama, wako ndani ya jengo lenye kiyoyozi, na mwajiri ana mafundi wake. CN Tower, mnara wa watalii wa Toronto, Kanada, nao uliwahi kuwapitisha wageni humo kabla ya lifti. Mazingira hayo yanafanana: jengo lililofungwa, idadi inayotabirika, mlango mmoja.

Anayeiendesha lazima afuate utaratibu wa asubuhi bila kuruka hatua. Washa na subiri joto litulie, usikimbilie kukagua kwa sababu skrini imewaka. Endesha mzunguko mtupu, bila mtu, na uhakikishe haisomi kitu. Kisha tumia sampuli ya uthibitisho iliyotoka kwa mtengenezaji. Mashine ilie kengele na itaje jina sahihi. Kisha mzunguko mtupu tena hadi isafike. Andika yote kwenye daftari. Sampuli hiyo ihifadhiwe chumba kingine, na aliyeishika avue glavu na kunawa kabla ya kurudi kibandani, vinginevyo kengele zitalia siku nzima kwa sababu ya mkono wa mlinzi. Ikichafuka na kung'ang'ania kusoma kitu kilekile, ongeza joto na iache ijichome usiku kucha. Kengele ikimlilia mtu, mashine inahitaji muda wa kujisafisha kabla ya anayefuata; ukimwingiza mapema unaweza kumtwisha mtu asiyehusika mzigo wa aliyetangulia. Hilo la mwisho ni haki ya mtu, na tunawaomba wasimamizi wa zamu walisimamie kwa ukali.

Je, badala yake kutumike nini? TSA yenyewe, baada ya jaribio la bomu la PETN kwenye ndege ya Northwest 253 tarehe 25 Desemba 2009, iliegemea mashine za picha za mwili na, kuanzia Februari 2010, ilipanua upangusaji wa mikono ya abiria. Kwa taasisi nyingi za Afrika Mashariki tungependekeza upangusaji huo. Kipimo ni kilekile, ukubwa wa mashine ya uchapishaji ya ofisini, bila kibanda na bila mkondo mkubwa wa hewa. Kitambaa maalumu kinapita viganjani, kwenye vifungo, mifukoni, kwenye mpini wa begi na zipu, kisha kinaingizwa na jibu linatoka ndani ya sekunde chache. Mguso unang'oa punje vizuri kuliko upepo, na ikiharibika unaihamisha kwa mikono kwenda kwa fundi. Magereza ya Scotland hutumia mashine za mezani za Itemiser kukagua barua zilizoloweshwa bangi bandia, kazi ambayo kibanda hakiwezi kabisa. Udhaifu wake ni kwamba humfikii kila mtu. Unachagua kwa bahati nasibu au kwa mashaka, na mlinzi mvivu atapangusa nusu ya kiganja.

Kwa anayeletewa ofa ya kibanda kilichotumika, pwani yetu ndiyo sababu ya kwanza ya kusita. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar ni hewa ya maji ya chumvi mwaka mzima, na mlango ulio wazi kuelekea barabarani unakamilisha maangamizi kwa vumbi. Bila chumba chenye kiyoyozi kisichozimika, usiendelee na mazungumzo. Kama chumba kipo, uliza kompresa ya vipulizo: iwe isiyotumia mafuta, maana mvuke wa oili unachafua kipimo. Uliza orodha ya vitu inavyovitambua ni ya mwaka gani. Mashine ya 2005 isiyosasishwa haijui bangi bandia zilizotapakaa baadaye. Uliza vikaushio, nyavu na vichujio vinatoka wapi leo, kwa sababu GE iliuza sehemu kubwa ya biashara hii kwa Safran, kampuni ya Ufaransa, mwaka 2009, ikawa Morpho Detection, na Smiths ikainunua Morpho mwaka 2017 huku vipimo vya chembe vya Morpho vikienda kwa kampuni ya OSI, wenye chapa ya Rapiscan. Vipuri vya mfano uliokwisha kuachwa havitafutwi dukani.

La mwisho ni Nikeli-63. Nusu-uhai yake ni miaka takriban 100, hivyo chanzo kilichomo bado ni hai na kitamshinda umri mnunuzi. Kuingiza, kutumia na kutupa kunahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania au, kwa Kenya, Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Dai namba ya chanzo, cheti cha karibuni cha kupima uvujaji, na barua ya anayekubali kukipokea mashine ikifa. Muuzaji asiyeweza kutoa hati hizo tatu asilipwe hata malipo ya awali.