African Storybook na Programu ya onebillion: Ipi Imfae Msomaji Mchanga?

Mwalimu anayemtafutia mtoto wa darasa la kwanza kitu cha kusoma kwa Kiswahili kwenye kishikwambi ana njia mbili zinazotofautiana sana. African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ni maktaba ya vitabu vya picha vyenye leseni huria, ambavyo mwalimu anaweza kuvipakua, kuvichapisha, hata kuvitafsiri kwa lugha ya kwao. Ubora wa vitabu hivyo, niseme wazi, hupanda na kushuka, kwa kuwa waandishi ni wengi. Programu ya shirika la onebillion la Uingereza, mshindi mwenza wa Global Learning XPRIZE, tuzo ya programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe, mwaka 2019 baada ya majaribio ya miezi 15 katika vijiji vya Tanga, humfundisha mtoto hatua kwa hatua: husikia sauti ya herufi, huigusa herufi yenyewe, huunganisha silabi, na huendelea bila kumngoja mwalimu. Kwa asiyejua herufi bado, ningechagua ya pili bila kusita. Anayesoma sentensi kamili, hata kwa kusitasita, ahamie kwenye maktaba, kwani huko hujichagulia mwenyewe hadithi anayoitaka.