Siku moja Nairobi kwa gari la watalii: miguu ingetosha

Nyota tatu. Mimi nilitaka kutoa mbili, shangazi akakataa. Anasema yule kijana kiongozi alikuwa na adabu, akishafundishwa.

Tulitoka Amu, yaani Lamu, wanne, mimi na shangazi na binti zake wawili: boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kisha treni ya SGR. Kampuni ya utalii siitaji jina. Bei ilikuwa shilingi 4,500 kwa kila mtu, viingilio mbali, na gari lije kutuchukua hotelini saa mbili asubuhi. Lilikuja saa tatu na nusu. "Jam," akasema dereva, na neno hilo tukalisikia mpaka magharibi.

Kiongozi akamwita shangazi "shosh". Shangazi akageuka nyuma kumtafuta huyo shosh. Nilipomwambia kuwa ndiyo nyanya kwa Kisheng, akamtazama kijana juu mpaka chini: "Mimi niite Bi." Tangu hapo ikawa Bi huku, Bi kule, na kumpa mkono kila akishuka.

Makumbusho ya Kitaifa ni pazuri, na huko gari lina maana kwa sababu ni nje kidogo ya kati ya mji. Uani kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta mpaka akajifia 1974. Ndani kuna masalia ya yule mvulana wa Turkana, binadamu wa kale sana, aliyefukuliwa 1984.

Tabu ilianza mjini. Makavazi ya Kitaifa, pa kutunzia nyaraka za nchi, jengo lililokuwa benki zamani, lina vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani, maisha yake yote, nasi tukapewa robo saa. Sanamu ya Tom Mboya, yule waziri aliyepigwa risasi barabara hiyohiyo 1969, tuliiona dirishani. Penye bustani ya kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998, shangazi alisimama mbele ya ukuta wa majina akawa anayasoma moja moja, midomo ikicheza, na kiongozi akaanza kutazama saa. Watu 213 walikufa Nairobi siku ile. Majina hayo hayasomwi kwa haraka.

Sehemu zote hizi, pamoja na KICC, lile jumba refu la mikutano, ziko karibu karibu, kutoka moja hadi nyingine ni dakika kumi hivi kwa miguu. Sisi wa Amu, mji wetu mzima ni miguu na punda, tumelipa pesa tukae kitako kwenye jam tukitazama wapiti njia wakituacha!

Adhuhuri tukashikilia tupelekwe Msikiti wa Jamia, ambao haukuwamo kwenye ratiba yao. Dereva alinuna kwa ajili ya maegesho. Ulijengwa kati ya 1925 na 1933, kuba tatu na minara miwili, na nje kelele yote ile ya matatu, ukiingia unasikia pumzi zako. Binti mdogo alisinzia palepale zuliani. Saa bora ya siku nzima, na hatukuilipia.

Kisha saa nzima nyingine kwenye duka la vinyago ambalo hatukuliomba. (Dereva alipokewa kama bwana harusi, kamisheni hiyo.) Muuzaji akamletea shangazi jahazi dogo la mbao, "original ya Lamu", shilingi 6,000. Mumewe marehemu alikuwa nahodha. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye tanga, akalirudisha mezani taratibu. "Foromali imefungwa kinyume. Hili halifiki hata Shela." Foromali ndio ule mti wa kushikia tanga, na Shela ni kijiji jirani yetu tu.

Kwa saa hiyo tukakosa KICC. Tulipofika, kupanda juu kulikuwa kumeshafungwa kwa siku hiyo. Tukabaki kuutazama mnara kutoka chini, ghorofa 28, mita 105, kazi ya Mnorwe Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso wa hapa kwetu, iliyokamilika 1973. Shangazi akaweka kiganja juu ya macho, au mato, maana ndivyo asemavyo kwa Kiamu: "Nyumba hini ina mato mangi."

Mkienda, tafuteni kiongozi wa kutembea naye tu. Anzeni na KICC asubuhi kabla jua halijapanda, mkashuke taratibu mpaka Jamia kwa adhuhuri, na teksi iwe ya Makumbusho peke yake. Shangazi anasema lazima arudi akapande huko juu, na kiongozi ni yule yule kijana. Namba yake anayo tayari kwenye simu, ameiweka kwa jina la Shosh.